Ugonjwa Usio na Malalamiko, Ukurasa Unaosubiri Malalamiko

Mwongozo wa tiba ni maandishi. Una mtunzi, hata kama mtunzi huyo ni kamati. Una msomaji unayemlenga. Una muundo, mtindo na mandhari yake. Shuleni tumezoea kutumia fani na maudhui kuhakiki riwaya na tamthiliya, lakini ni nadra kuielekeza mizani hiyo kwenye kitabu kinachokaa juu ya meza ya tabibu. Huo ni upungufu mkubwa. Riwaya mbaya humpotezea msomaji jioni moja, ilhali mwongozo mbaya wa presha ya macho unaweza kumpotezea mtu uwezo wa kuona, na ukishapotea haurudi.

Presha ya macho, ambayo hospitalini huandikwa glakoma, hula mshipa wa fahamu unaopeleka taarifa kutoka jichoni hadi kwenye ubongo. Sehemu ya mshipa iliyokufa haifufuki. Miwani, upasuaji na dawa ya matone haviwezi kumrudishia mgonjwa alichokwisha kupoteza. Kazi yote ya tiba ni kulinda kilichobaki. Uchunguzi uliofanywa katika vijiji sita vya wilaya ya Kongwa mkoani Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2000, uliwapima watu 3,268 wenye umri wa miaka 40 na kuendelea. Asilimia 4.16 walikutwa na glakoma. Yaani katika kila watu 100 wa umri huo katika vijiji vile, wanne hivi walikuwa nayo.

Nimeisoma miongozo mitatu nikiwa na Sumbawanga akilini, makao makuu ya mkoa wa Rukwa wenye watu zaidi ya milioni 1.5, uwanda wa juu wa Ufipa ukiwa katikati, Bonde la Ziwa Rukwa upande mmoja na mwambao wa Ziwa Tanganyika upande mwingine. Mwongozo wa kwanza ni ule wa matibabu wa Tanzania Bara, unaochapishwa pamoja na Orodha ya Taifa ya Dawa Muhimu, katika matoleo ya 2017 na 2021. Wa pili ni wa taasisi ya NICE ya Uingereza, uliotoka 2017 na kurekebishwa Januari 2022. Wa tatu ni toleo la tano la mwongozo wa European Glaucoma Society. Hoja yangu ni moja: umbo la ukurasa wa tiba tulilorithi lilijengwa kwa ajili ya magonjwa yanayolalamikiwa na yanayokwisha, nalo huuficha ugonjwa usiolalamikiwa na usiokwisha. Tathmini ya ubora isiyoliona umbo hilo inaweza kukipa alama nzuri kitabu ambacho hakitamfikia mgonjwa.

Mizani iliyopo

Chombo kinachotumika sana duniani kupima ubora wa miongozo ya tiba ni AGREE II, kilichotoka mwaka 2010. Kina vipengele 23 katika maeneo sita: upeo na lengo la mwongozo (vipengele 3), ushiriki wa wadau (3), umakini wa uandaaji (8), uwazi wa uwasilishaji (3), utekelezekaji (4), na uhuru wa waandishi dhidi ya wafadhili na maslahi binafsi (2). Kila mtathmini hutoa alama 1 hadi 7 kwa kila kipengele, kisha jumla ya kila eneo hugeuzwa kuwa asilimia. Tuchukue watathmini wawili wanaopima umakini wa uandaaji. Alama ya chini kabisa inayowezekana ni 16 na ya juu kabisa ni 112. Wakifikisha 64, tunaondoa 16, inabaki 48. Tunaigawanya kwa 96, ambayo ni tofauti ya juu na chini, na eneo hilo linapata asilimia 50.

Chombo hiki kinastahili heshima. Kinamlazimisha mtathmini kuuliza maswali ambayo jalada lenye nembo ya serikali lingeweza kuyanyamazisha. Ushahidi ulitafutwaje? Kila pendekezo limefungwa kwenye ushahidi upi? Wagonjwa waliulizwa wanachokithamini? Nani aliugharimia mwongozo? Utapitiwa upya kwa utaratibu gani? Tena waliokitunga wanakataza kujumlisha maeneo sita kuwa alama moja, na hapo kuna hekima, maana mwongozo unaweza kuwa hodari wa ushahidi na dhaifu wa utekelezaji, na wastani ungeuficha udhaifu huo.

Hata hivyo, eneo la uwazi linauliza kama mapendekezo ni mahususi, kama njia mbalimbali za tiba zimeelezwa, na kama yaliyo muhimu yanaonekana kwa urahisi. Haliulizi kama mpangilio wa ukurasa wenyewe unaafikiana na tabia ya ugonjwa. Swali hilo ni la mhakiki wa fani, na kwa glakoma ndilo swali la kwanza.

Muundo

Ukurasa wa kawaida wa mwongozo wa tiba hupita njia ileile: maelezo ya ugonjwa, dalili, vipimo, tiba isiyo ya dawa, tiba ya dawa, rufaa. Kwa malaria mpangilio huu unafanya kazi vizuri mno. Mama analeta mtoto mwenye homa, kipimo cha haraka kinatoa jibu, dawa mseto inatolewa kwa siku tatu, ukurasa unafungwa. Malalamiko ndiyo mlango wa kuingilia, na siku ya mwisho ya dozi ndiyo mlango wa kutokea.

Glakoma ya taratibu haina hata mmoja kati ya milango hiyo. Uwezo wa kuona huanza kupungua pembeni, jicho moja hulifidia jingine, na katikati panabaki safi kwa muda mrefu. Mkulima wa Laela anaendelea kupalilia maharage yake. Fundi cherehani wa Sumbawanga mjini anaendelea kutunga uzi kwenye sindano akiwa na miwani yake ya kusomea. Hakuna anayeumwa, kwa hiyo hakuna anayekuja. Kichwa cha "dalili" kikiwekwa juu ya ukurasa wa ugonjwa huu, kinamfundisha tabibu kusubiri jambo ambalo halitakuja, au litakuja likiwa limechelewa. Mwandishi anaweza kuongeza kwamba ugonjwa hauna dalili mwanzoni. Sentensi hiyo ni ya kweli, lakini imekaa mahali ambapo tabibu alitarajia kuambiwa afanye nini, nayo haimwambii afanye chochote.

Linganisha na glakoma ya ghafla. Hiyo huja na jicho jekundu, maumivu makali, ukungu machoni na kutapika. Ndani ya muundo tuliorithi inakaa vizuri kabisa, kwa kuwa ina malalamiko na ina haraka. Lakini katika vijiji vya Kongwa, glakoma ya kuziba kwa pembe ya jicho, ambayo ndiyo huweza kulipuka namna hiyo, ilikuwa asilimia 0.59 tu, wakati ile ya taratibu ilikuwa asilimia 3.1. Ukurasa unaipokea vyema iliyo adimu na kuipa mgongo iliyoenea. Kosa hili halikutokana na uzembe wa mwandishi yeyote. Limetokana na umbo lililokuwepo kabla yake, naye akalijaza.

Kitenzi na mtendaji

Mwongozo wa NICE una uangalifu wa kuigwa katika vitenzi. Pale ushahidi ulipo imara, daktari anaambiwa ampe mgonjwa tiba fulani. Pale ushahidi ulipo hafifu zaidi, anaambiwa afikirie kumpa. Msomaji anaujua uzito wa pendekezo kwa kuisoma sentensi yenyewe. Mwongozo wa Ulaya nao unaonyesha kama pendekezo ni la nguvu au dhaifu, na kando yake ubora wa ushahidi. Mwongozo wetu huorodhesha dawa, dozi na ngazi kwa sauti moja ya amri. Sauti hiyo ina faida zahanati, ambako mtoa huduma mmoja anahudumia foleni ndefu na hana nafasi ya kupima shaka za kamati. Hasara yake ni kwamba amri yenye ushahidi mzito na amri iliyotokana na mazoea zinasikika sawasawa, na anayefundisha wanafunzi wa utabibu hana pa kuwaonyesha tofauti.

Lipo tatizo la pili, nalo linakua maelekezo yanapohamia kwenye mafunzo na mabango ya Kiswahili. Mgonjwa apimwe. Mgonjwa apewe rufaa. Ndugu wachunguzwe. Ni kauli za adabu, lakini mtendaji ametoweka. Nani ampime? Muuguzi aliye mapokezi, tabibu, au daktari wa macho aliye Sumbawanga? Katika shairi, kumwacha mtendaji bila jina huweza kuleta utamu. Katika mwongozo ni kazi isiyo na mwenyewe, na kazi ya namna hiyo hubaki palepale.

Mandhari

Kila mwongozo una chumba ambamo sentensi zake zinatendeka. NICE inataka presha ipimwe kwa kifaa cha aina ya Goldmann, unene wa konea upimwe, pembe ya jicho ichunguzwe kwa lenzi maalumu, uga wa kuona upimwe kwa mashine, na mshipa wa macho ukaguliwe. Katika kliniki ya Uingereza maneno hayo ni sahihi na yanatendeka asubuhi moja. Ukimpa karatasi hiyohiyo tabibu wa zahanati chini ya milima ya Lyamba lya Mfipa, au wa mwambao wa Kirando na Kabwe, kila sentensi itabaki kuwa ya kweli na hakuna hata moja atakayoweza kuitekeleza.

Hapa mwongozo wa Tanzania unazidi ile ya Ulaya, na ni haki kulisema hilo wazi. Kila dawa imepewa herufi ya ngazi: A kwa zahanati, B kwa kituo cha afya, C kwa hospitali ya wilaya, D kwa hospitali ya rufaa ya mkoa, S kwa huduma za kibingwa. Kwa herufi moja, mwandishi ameionyesha nchi nzima ndani ya mstari. Msomaji anajua amesimama wapi na nini kiko juu yake. Ni ubunifu wa fani unaotokana na mazingira yetu, na AGREE II haina kisanduku cha kuusifu ipasavyo.

Lakini tazama herufi hiyo imefungwa kwenye nini. Imefungwa kwenye dawa. Inaeleza chupa ya matone inaruhusiwa kuwekwa ngazi ipi. Haielezi ni ngazi ipi yenye wajibu wa kumtambua mgonjwa. Kazi ya kupima uwezo wa kuona, ya kumulika mboni, ya kuuliza habari za ukoo, haijapewa herufi. Katika ugonjwa ambao shida yake kuu ni kugunduliwa, mwongozo umeipa anwani tiba na kuuacha ugunduzi bila anwani. Toleo lijalo likipeleka herufi kwenye vitendo kama lilivyofanya kwa dawa, litakuwa limefanya jambo ambalo miongozo mingi mikubwa haijalifanya.

Wakati

Matone ya timolol hutumika mara mbili kwa siku. Chupa ikishafunguliwa kwa kawaida hutumika wiki nne, kwa hiyo mgonjwa anahitaji chupa 13 kwa mwaka. Aliyegunduliwa akiwa na miaka 50 na kuishi hadi 70 atahitaji chupa 260. Mstari unaosema tone moja asubuhi na jioni umeandika siku moja ya ugonjwa wa miaka ishirini. Siku nyingine zote zimeachwa nje ya maandishi: siku dawa imekwisha na duka la karibu halina, siku mgonjwa ameona hakuna mabadiliko akaacha, siku nauli imekwenda kwenye mbolea. Hata mpangilio wa tahadhari una uzito wake. Timolol inaweza kumletea hatari mwenye pumu au mwenye mapigo ya moyo ya polepole. Onyo hilo linapaswa kutangulia dozi, maana anayesoma kwa haraka huishia kwenye dozi.

Ushahidi wa jambo hili umetoka nyumbani. Katika hospitali ya KCMC, Moshi, watafiti waliwagawa kwa bahati nasibu wagonjwa 201 wenye glakoma ya presha ya juu, jumla ya macho 382. Wengine walipewa timolol ya asilimia 0.5, wengine leza iitwayo SLT, inayosaidia maji ya ndani ya jicho kutoka vizuri zaidi. Baada ya mwaka mmoja, presha ilikuwa imefikia kiwango kilicholengwa katika asilimia 31 ya macho ya kundi la matone, na asilimia 61 ya macho ya kundi la leza. Matokeo yalichapishwa katika The Lancet Global Health mwaka 2021. Uingereza nako, jaribio la LiGHT lenye wagonjwa 718 lilichapishwa mwaka 2019. Asilimia 74 ya walioanza na leza hawakuhitaji matone kwa miaka mitatu. Januari 2022 NICE ikabadilisha ukurasa wake: mgonjwa mpya anayefaa kwa leza, aanze na leza.

Toleo letu la 2021 haliwezi kulaumiwa kwa utafiti uliotoka mwaka huohuo. Lakini toleo litakalofuata litapimwa kwa jambo hili. Kipengele cha 14 cha AGREE II kinauliza kuhusu utaratibu wa kuuhuisha mwongozo, na cha 12 kinauliza kama kila pendekezo limeunganishwa wazi na ushahidi wake. Ushahidi uliopatikana Moshi ukiachwa nje ya kitabu cha Tanzania, vipengele hivyo viwili vitastahili alama ya chini. Ukiingizwa bila kutaja mashine ziko hospitali zipi, eneo la utekelezekaji ndilo litakaloanguka. Mgonjwa wa wilaya ya Nkasi anahitaji kusoma kama leza ataipata Sumbawanga, au Mbeya, zaidi ya kilomita 300 kwa barabara ya Tunduma, au Moshi. Anahitaji pia kuambiwa kwamba nguvu ya leza hupungua kadiri miaka inavyokwenda, na kwamba kurudi kupimwa hakukwepeki.

Wahusika

Katika miongozo yote mitatu wahusika wakuu ni wawili, daktari na mgonjwa. Ndugu huonekana hasa katika orodha ya mambo yanayoongeza hatari. Kwa glakoma huyu ni mhusika aliyepunjwa. Mzazi, kaka, dada au mtoto wa mgonjwa ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuipata kuliko jirani yake. Kwa hiyo kila mgonjwa anayeketi kliniki ni barua ya mwaliko kwa ukoo mzima, na mwongozo unaoiacha habari hiyo kuwa taarifa tu umeitupa njia rahisi kuliko zote ya kuwapata ambao bado wanaona. Ufipa, ambako ndugu hukutana msibani, harusini na wakati wa mavuno, agizo la kuwaleta kaka na dada linatekelezeka bila mashine yoyote.

Kipengele cha 5 cha AGREE II kinauliza kama maoni ya wanaohudumiwa yalitafutwa. Mtu akiwauliza wagonjwa wa Rukwa, ataambiwa kuhusu kalenda: tarehe ya kurudi kliniki iliyoangukia katikati ya masika, wakati shamba linataka mikono yote na barabara ya kushuka bondeni imeharibika, ni tarehe iliyopangwa kukoswa. Mwongozo mzuri ungeacha nafasi ya kupanga tarehe kwa kuufuata msimu.

Rufaa, na umbo linalofaa

Sentensi ya rufaa ndiyo fupi kuliko zote katika ukurasa, na ndiyo iliyobeba mzigo mkubwa kuliko zote. Kwa kawaida inasema mgonjwa apelekwe kwa mtaalamu. Haisemi mtaalamu yupi, kabla ya lini, akiwa na habari gani, wala nini kifanyike asipofika. Uhakiki usiishie kulaumu, kwa hiyo ninaweka hapa mfano wa aya kwa msomaji wa zahanati. Maudhui yake ni ya mabingwa kuthibitisha. Ninachokionyesha ni umbo.

"Mtu mwenye miaka 40 au zaidi anayefika kwa shida yoyote ya macho, hata kuomba miwani ya kusomea, na mtu yeyote mzima ambaye mzazi, kaka au dada yake ana presha ya macho: tabibu, mpime uwezo wa kuona wa kila jicho peke yake kwa chati ya E. Kisha hamisha mwanga wa tochi kutoka jicho moja hadi jingine, mara kadhaa. Ikiwa jicho moja linaona hafifu, au mboni yake inatanuka mwanga unapolifikia, andika rufaa ya kliniki ya macho ya hospitali ya mkoa, afike ndani ya mwezi mmoja. Chukua namba yake ya simu na ya ndugu mmoja. Ikiwa vyote ni sawa, mwandikishe kwa huduma ya mkoba ijayo ili apimwe presha na mshipa wa macho, kwa sababu tochi haiwezi kuonyesha ugonjwa ulioshika macho yote mawili kwa kiwango sawa. Jicho jekundu lenye maumivu makali na ukungu: rufaa siku hiyohiyo. Asiyefika kwa muda uliopangwa, mpigie. Hospitali ya mkoa irudishe majibu kwa maandishi zahanati."

Aya hii inaanza na mtu, haianzi na dalili. Mtendaji anatajwa mapema na anabaki yuleyule hadi hospitali inapopokea kazi. Vifaa vinavyohitajika ni chati na tochi. Kila "ikiwa" ina jibu lake, hata ile ya mtu aliyeonekana mzima, ambayo miongozo mingi huiacha hewani. Rufaa ina mahali, ina muda na ina mrejesho. Urefu wake hauzidi aya za dawa zilizomo vitabuni tayari.

Hukumu

Kwa uzito wa ushahidi na unyoofu wa vitenzi, NICE inaongoza, na tuna la kujifunza. Kwa mandhari, kitabu cha Tanzania kimebuni herufi za ngazi ambazo wengine wangefaa kuzisoma. Kwa wakati na wahusika, vitabu vyote vitatu vinahitaji kazi, na kwa muundo, ukurasa wa glakoma unapaswa kuvunjwa na kujengwa upya kuanzia kwa mtu asiyelalamika.

AGREE II inataka watathmini wasiopungua wawili, na ikiwezekana wanne. Natoa pendekezo moja linalotekelezeka. Toleo lijalo la mwongozo wetu litakapotathminiwa, kati ya wanne hao mmoja awe bingwa wa macho, mmoja mtaalamu wa mbinu za utafiti, mmoja mgonjwa anayeishi na presha ya macho, na wa nne awe tabibu anayefanya kazi katika zahanati ya Rukwa. Huyu wa nne apewe ukurasa wa glakoma, chati na tochi, na mtu mzima wa miaka 45 aliyekuja kuomba miwani. Asome, kisha atende alichokisoma. Akikwama, sentensi iliyomkwamisha iandikwe upya kabla kitabu hakijapelekwa kiwandani kuchapwa.